Mbona wanakata miti na kuchoma nyasi, kisha wanasema wanahifadhi?

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Mimi ni mama wa watoto wawili, mzaliwa wa Shinyanga. Sasa naishi kaskazini mwa Illinois, Marekani, huu mwaka wa sita. Nahudumia wazee zamu ya usiku, na nikirudi asubuhi napita kando ya uwanja mkubwa wa nyasi wenye kibao. Januari nilikuta watu wazima, wengine wastaafu, wanakata miti na kuichoma mafungu mafungu. Mwishoni mwa mwezi wa tatu nikakuta watu wenye nguo za njano wanauchoma uwanja wenyewe, tena kwa utulivu kabisa. Jirani yangu ni mmoja wao. Hawalipwi. Anasema wanahifadhi preri, yaani nyanda za nyasi za asili za hapa, na ananikaribisha nikajifunze mimea na ndege wa hapa. Mimi nimekulia Shinyanga enzi za ule mradi wa HASHI. Shuleni tuliimbishwa usikate mti, usichome moto. Je, hii kweli ni hifadhi? Na mtu niliyeishia kidato cha nne, Kiingereza chenyewe cha kuokoteza, nitaenda kufanya nini huko?

JIBU: Marahaba, dada yangu. Nenda. Nimeanza na jibu fupi kwa sababu unatoka zamu ya usiku na sitaki usubiri maelezo yangu yote ndipo ujue ninachofikiri. Nenda Jumamosi ijayo, na kama umechoka nenda ile inayofuata. Sasa nikueleze kwa nini, maana swali lako la kwanza ni zito, na wengi walioliuliza kabla yako hawakujibiwa vizuri.

Ulichofundishwa Shinyanga ni sahihi. HASHI, yaani Hifadhi Ardhi Shinyanga, ilianza mwaka 1986 katika nchi iliyokuwa na miti ikapokonywa. Vichaka vilifyekwa ili kuwafukuza mbung'o, pamba ikafuata, mifugo ikaongezeka, na kuni zikawa zinatafutwa mbali zaidi kila mwaka. Nchi ya namna hiyo dawa yake ni kuuacha mti urudi. Lakini kumbuka na kitu kingine ambacho bila shaka ulikiona kwa babu yako: ngitili. Mvua zikianza, mzee anafunga kipande cha malisho. Majani yanaota, yanasimama, na ng'ombe hawaingii mpaka kiangazi kikaze. Anayevunja mwiko huo anasimamishwa mbele ya dagashida, baraza la jadi la Wasukuma. HASHI ilipoanza, ngitili zilizojulikana kubaki zilikuwa kama hekta 600 tu. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilikuwa zimepita hekta 300,000. Wataalamu walishauri, lakini waliozilinda ni wafugaji na wakulima waliokubaliana wenyewe kwa wenyewe juu ya majani.

Jirani yako naye analinda ngitili. Tofauti ni kwamba ngitili ya Illinois inauawa na kivuli.

Hapo ndipo mtu wa Shinyanga anapobabaika, na mimi mwenyewe nilibabaika nilipofika huku nikiwa nimeshasomea nyasi miaka mingi. Kwetu, kiangazi kirefu na midomo ya wanyama huizuia miti isijaze kila mahali. Illinois inapata mvua ya kutosha kukuza msitu. Ukiuacha uwanja ule bila mtu kuugusa, miaka kumi haipiti kabla vichaka havijaingia, na miaka thelathini baadaye utakuta kichaka kizito kisichopitika, chini yake udongo mtupu. Mti unaoongoza uvamizi huo ni Rhamnus cathartica, ulioletwa kutoka Ulaya karne ya 19 kuwa uzio wa mashamba na bustani. Unatoa majani mapema kuliko miti ya hapa na kuyadondosha mwisho kabisa, kwa hiyo ua lililo chini yake halipati jua masika wala vuli. Ndege wanakula matunda yake meusi na kuyasambaza kila wanapotua. Ukiukata ukaondoka, kisiki kinachipua matawi kumi. Bila shaka huo ndio ulioona ukikatwa Januari, wakati ardhi imeganda na buti haziumizi kitu.

Moto nao una hesabu yake. Mti hubeba macho yake ya mwaka ujao, yaani vichipukizi, hewani, kwenye ncha za matawi. Nyasi ya preri huyaficha usawa wa udongo au chini yake. Moto ukipita mwezi wa tatu, mti mchanga unapoteza akiba yake yote, ilhali nyasi inapoteza majani makavu ya mwaka jana ambayo haikuyahitaji tena. Ardhi ikishakuwa nyeusi inanyonya jua na kupata joto mapema, na mbegu zilizokuwa zimefunikwa zinaona mwanga. Pita pale wiki tatu baada ya moto. Utaona vichipukizi vimejitokeza kwenye majivu, laini kuliko vya mchicha.

Sehemu kubwa ya uzito wa mimea ya uwanja ule iko chini ya ardhi. Nyasi mama ni Andropogon gerardii, ambayo wenyeji wengine huiita mguu wa bata mzinga kwa jinsi suke lake linavyogawanyika kama vidole vitatu. Mwezi wa nane huwa imempita mwanamume mrefu, na mizizi yake hushuka mita mbili hadi tatu. Kuna mmea wa maua ya njano, Silphium laciniatum, ambao majani yake ya chini hujipanga kuelekea kaskazini na kusini. Wanauita mmea wa dira, na mzizi wake huzama zaidi ya mita nne. Mimea ya namna hiyo haiogopi moto wa dakika chache juu ya kichwa chake. Na jambo moja ambalo nalifikiria kila ninapoendesha gari kupita mashamba ya huko: Andropogon ni wa ukoo mmoja na mtama, muwa na mahindi. Mahindi yanayojaza Illinois leo ni binamu wa nyasi iliyofukuzwa ili yapandwe.

Nani aliyekuwa anawasha moto zamani? Radi ilichangia, lakini mkono mkubwa ulikuwa wa watu. Wapotawatomi, wenyeji wa asili wa eneo hili, na mataifa mengine kabla yao na pamoja nao, walichoma nyanda hizi kwa makusudi: kuwinda, kufungua njia, kuleta majani mabichi ambayo wanyama wangeyafuata. Msukuma au Mmasai hahitaji kuelezwa zaidi. Kwa mkataba wa Chicago wa mwaka 1833 Wapotawatomi walibanwa kuachia ardhi zao za mwisho katika eneo hilo na kuhamishiwa magharibi ya mto Mississippi. Walipoondolewa, moto nao ulianza kuondoka. Nakueleza hili kwa sababu siku utakapokwenda utasikia watu wakizungumza juu ya preri kana kwamba ilijitunza yenyewe mpaka wazungu walipofika. Haikujitunza. Ilitunzwa.

Miaka minne tu baada ya mkataba huo, mwaka 1837, katika kijiji cha Grand Detour hukohuko Illinois, mhunzi mmoja, John Deere, alitengeneza plau ya feleji iliyong'arishwa. Udongo mweusi na mzito wa preri, uliokuwa ukigandia kwenye plau za zamani, sasa uliteleza. Waliolima siku hizo walisimulia jinsi mizizi ya mmea mmoja, Amorpha canescens, ilivyokatika mbele ya plau kwa mlio kama wa kamba za viatu zinazokatwa. Illinois ilikuwa na ekari zipatazo milioni 22 za preri, zaidi ya nusu ya jimbo zima. Ile iliyobaki katika hali yake ya asili, ambayo haijawahi kulimwa wala kuharibiwa sana, ni kama ekari 2,500. Hiyo ni sehemu moja katika elfu kumi. Ukiwa na shamba la hatua mia kwa hatua mia, ukabakiwa na hatua moja kwa hatua moja, hiyo ndiyo iliyobaki.

Ilibakia wapi? Makaburini na kando ya reli. Walowezi wa kwanza walizungushia makaburi yao uzio kabla plau haijafika, na kampuni za reli zilikuwa na mkuza wao ambao hakuna aliyeulima. Katika miaka ya 1960 na 1970 profesa mmoja wa chuo kikuu mjini Chicago, Robert Betz, alizunguka kutoka makaburi hadi makaburi akitafuta mabaki hayo. Mengine yalikuwa hayazidi ekari tano, na wasimamizi walikuwa wanayafyeka kila wiki ili yapendeze. Betz aliwaomba waache kufyeka. Mimea iliyokuwa imekatwakatwa miaka mingi ikainuka ikatoa maua.

Mwaka 1975 Betz na watu wa kujitolea walianza kupanda preri mpya katika ardhi ya maabara ya fizikia ya Fermilab, karibu na Batavia, ndani ya duara kubwa la mashine ya kurusha chembe. Mbegu zilitoka katika mabaki yale ya makaburini na relini, zimechumwa kwa mikono. Leo Fermilab ina takriban ekari elfu moja za preri iliyorejeshwa. Mwaka 1977, Steve Packard na wenzake walianza kukusanyika kando ya tawi la kaskazini la mto Chicago, kwenye vipande vya nyasi vilivyokuwa vikimezwa na vichaka. Hawakuwa wasomi wa ikolojia. Walikuwa watu wa kazi mbalimbali wenye Jumapili zao. Walikata vichaka, walichuma mbegu, walizisia tena kwa mkono. Na mwaka ule ule HASHI ilipoanza Shinyanga, 1986, shirika la The Nature Conservancy lilinunua ardhi ya kwanza ya Nachusa Grasslands, si mbali na kijiji kile cha John Deere. Tangu hapo wenyeji wa kujitolea wamekuwa wakiirudisha preri pale kipande kwa kipande, kila mmoja na sehemu anayoijua kama mtu anavyojua shamba lake.

Swali lako liliwahi kuisimamisha kazi hii. Mwaka 1996 wakazi wa vitongoji vya Chicago waliona miti ikikatwa na moto ukiwashwa katika misitu ya kaunti, wakauliza mbona. Malalamiko yakawa makali hadi kaunti ya Cook ikasimamisha kazi zote za urejeshaji kwa muda. Walioijua kazi walikasirika sana. Kwa maoni yangu walalamikaji walikuwa na haki ya kuuliza. Ukiona mtu anaangusha miti karibu na nyumba yako na hakuna aliyekuja kukueleza, utafikiria nini? Baada ya hapo mikutano iliitishwa, vibao vikawekwa, majirani wakaalikwa. Kibao unachokiona asubuhi, na mwaliko wa jirani yako, vina historia hiyo nyuma yake.

Sasa swali lako la pili: utaenda kufanya nini.

Utajifunza kuona. Sioni neno bora zaidi. Siku ya kwanza utaona nyasi. Baada ya mwezi utaona kwamba kulikuwa na nyasi nne, na katikati yake mimea ambayo si nyasi kabisa. Baada ya mwaka mmoja utapita palepale ukiwa unarudi kazini, ndani ya gari, na jicho litadaka doa moja la zambarau ukajua ni nini na limechelewa wiki moja. Kujifunza huku ndiko uhifadhi wenyewe, kwa sababu mkono usiojua unaua.

Nilijifunza hilo kwa gharama. Kiangazi changu cha kwanza tuliambiwa tung'oe Melilotus, gugu la maua meupe kutoka Ulaya na Asia ambalo mbegu zake hukaa ardhini miaka mingi na huamshwa hata na moto wenyewe. Majani yake hutoka matatumatatu. Nikaingia kazini kwa bidii. Baada ya nusu saa mzee mmoja aliyestaafu kazi ya posta akanigusa bega, akachukua moja ya mimea niliyoishika, akaniambia nipitishe ukucha kwenye ukingo wa jani. Lilikuwa laini. Jani la Melilotus lina meno madogo kama msumeno. Nilikuwa nimeng'oa miche ya Baptisia alba, mmea wa asili wenye majani matatumatatu vilevile, ambao huchukua miaka kadhaa kabla ya kutoa ua la kwanza. Ilikuwa kumi na moja. Mzee hakunigombeza. Alinipeleka akanionyesha Baptisia iliyokomaa, shina lake limesimama na maua meupe, akasema hii aliisia yeye mwenyewe. Mpaka leo sing'oi kitu bila kupitisha ukucha.

Wenye kazi hii wana hata namna ya kukipima kipande kwa mimea yake. Kila mmea wa asili umepewa alama kuanzia sifuri hadi kumi. Sifuri na moja ni ile inayoota popote, hata kwenye kifusi. Kumi ni ile isiyokubali kuishi isipokuwa mahali ambapo hapajaharibiwa. Gerould Wilhelm na Floyd Swink ndio walioieneza hesabu hii katika eneo la Chicago. Ukiwa na orodha ya mimea ya kipande chako, unaweza kujua kama kinapona au kinakufa kabla macho ya mpita njia hayajagundua. Ndiyo maana jirani yako, kama anafanana na wale ninaowajua, ana daftari lililolowa na kukauka mara nyingi.

Mmoja wa mimea ya alama kumi ni orkidi nyeupe yenye maua ya matamvua, Platanthera leucophaea, ambayo tangu mwaka 1989 inalindwa na sheria ya nchi nzima ya viumbe vilivyo hatarini. Inatoa harufu usiku kuwaita nondo wakubwa wenye ulimi mrefu wa kufikia asali iliyo ndani ya mrija wa ua. Nondo wamepungua, na vipande vya preri viko mbalimbali mno hivi kwamba chavua haivuki. Basi watu wa kujitolea huenda wakapiga magoti na kijiti cha kuchokolea meno, wakatoa chavua katika ua moja na kuipaka katika jingine. Mbegu zinazotokea ni kama vumbi, hazina chakula chochote ndani, na hazioti mpaka zikutane na kuvu fulani udongoni. Nimewahi kumtazama mwalimu mstaafu akifanya kazi hiyo mwezi wa saba, jua la saa tano, nzi wamemjaa shingoni, mkono hautetemeki. Wewe unayemlisha mzee aliyepooza kijiko kwa kijiko, mikono ya namna hiyo unayo tayari.

Kazi nyingine ni kuhesabu, na wengi huidharau. Tangu mwaka 1987 kuna mtandao wa Illinois wa watu wanaohesabu vipepeo: kila mtu ana njia yake, anaipita mara kadhaa kila kiangazi, kwa mwendo uleule, anaandika alichokiona. Tangu 2001 bustani ya mimea ya Chicago inaendesha mpango wa kufuatilia mimea adimu kwa kutumia watu wa kujitolea. Wengine husikiliza vyura usiku. Nyuki mmoja mkubwa mwenye manyoya na doa la kutu mgongoni, Bombus affinis, aliingizwa mwaka 2017 katika orodha ya viumbe walio hatarini kutoweka, na picha za simu za watu wa kawaida ni sehemu ya namna anavyotafutwa hadi leo.

Lakini usiende ukidhani kila kitu wanachofanya kimekubalika na wote, hata miongoni mwao. Moto uleule unaoikomboa nyasi unaua wadudu waliolala kwenye mabua makavu, kwa hiyo uwanja wote haupaswi kuchomwa kwa siku moja. Kipande kimoja huchomwa, kingine huachwa kiwe kimbilio. Kuna shomoro wa Henslow, ndege mdogo mwenye sauti kama kwikwi, anayetaka nyasi nzito iliyolala na ambayo haikuchomwa mwaka huo. Kuna ndege mwenye miguu mirefu, Bartramia longicauda, anayetaka nyasi fupi kama iliyolishwa, na kwa ajili ya wa namna yake, huko Midewin, preri ya taifa iliyoanzishwa mwaka 1996 penye kiwanda cha zamani cha mabomu karibu na Joliet, huingiza ng'ombe. Mchungaji wa Kisukuma angeajiriwa pale. Na kuna dawa ya magugu inayopakwa kwenye visiki. Mimi huikubali pale tu inapopakwa kwa brashi, kisiki kwa kisiki. Inayonyunyiziwa ovyo kwa bomba siiungi mkono, na ukiona hivyo una haki ya kuuliza. Uliza kila kitu. Kikundi kisichopenda kuulizwa, kiache utafute kingine.

Kuhusu elimu na Kiingereza. Kuna mafunzo rasmi ya wanaasili wa kujitolea, na katika Illinois huendeshwa na chuo kikuu cha jimbo kupitia kitengo chake cha ugani, kaunti kwa kaunti. Yana ada, yana masomo ya udongo, mimea, wanyama na maji, kisha unadaiwa saa za kazi kila mwaka. Ni mafunzo mazuri, lakini usianze nayo. Siku za kazi za Jumamosi hazina ada wala mtihani. Kinachohitaji mafunzo ya pekee ni moto, msumeno wa injini na dawa, na vitu hivyo si lazima uviguse. Mimea yenyewe huitwa kwa majina ya Kilatini, ambayo kwa mwenyeji wa Illinois ni magumu kama yalivyo kwako. Pale mnaanzia mstari mmoja. Tena ukiulizwa jambo na ukakosa neno, onyesha kwa kidole; nusu ya mafundisho ya kazi hii hutolewa hivyo.

Na una kitu ambacho wao hawana. Wengi wao hawajawahi kuishi na majani. Wameyasoma wakiwa watu wazima. Wewe umeona malisho yakiisha mwezi wa tisa, unajua nyasi iliyochoka inavyokuwa chini ya kwato, unajua tofauti ya majani anayoyakimbilia ng'ombe na yale anayoyapita. Wasimulie kuhusu ngitili. Nilifanya hivyo mara moja wakati wa kunywa chai baada ya kazi, na mama mmoja aliyekuwa amechuma mbegu pale miaka ishirini aliniuliza maswali mpaka chai ikapoa.

Watoto nenda nao. Wapeleke kwanza Nachusa au Midewin wakawaone baisani, wale nyati wa Amerika wenye nundu, waliorudishwa Nachusa mwaka 2014 na Midewin mwaka uliofuata. Mtoto aliyeona baisani akila nyasi hahitaji kuelezwa nyasi ni za nini. Kisha wape ndege mmoja wa kumtafuta. Kuanzia mwezi wa tatu, juu ya nguzo za uzio, hukaa ndege mwenye kifua cha njano kilichochorwa alama nyeusi kama herufi V, anapiga mluzi mrefu unaoshuka. Jina lake la kisayansi ni Sturnella magna. Mtakapomwona utashtuka, kwa sababu katika nyika za kwetu Tanzania yuko mwenye kifua kilekile cha njano na mkufu uleule mweusi, Macronyx croceus. Hawana undugu wa karibu. Kila mmoja ameivaa nguo hiyo peke yake, upande wake wa bahari, kwa sababu wote wawili wanaishi kwenye majani marefu na kuimba mahali pa wazi.

Vaa suruali ndefu na uchomeke miguu yake ndani ya soksi. Kuna kupe, na baadhi wana ugonjwa wa Lyme, kwa hiyo mkirudi mjikague nyuma ya magoti, kwapani na ndani ya nywele za watoto. Muombe jirani akuonyeshe mapema ule mmea wa vijani vitatu unaowasha ngozi, kabla hujaushika. Beba maji na glavu. Na Oktoba ikifika, omba upangiwe kuchuma mguu wa bata mzinga: shika suke kwa chini, vuta vidole kuelekea juu taratibu, mbegu zinazokubali kutoka zitie kwenye mfuko wa karatasi, si wa plastiki, zisije zikaoza, zinazokataa ziache, zitakuwa tayari wiki ijayo.